Eda Yangu Juu ya Majabali

Mume wangu aliniacha Jumanne, na Ijumaa ya wiki ile ile tukaenda Bawshar kupanda jabali kama tulivyokwisha panga. Wakati ule sikuona ajabu. Tende zilikuwa zishanunuliwa, njia ishachorwa kwenye simu yake, na kati yetu wawili hakuna aliyekuwa na nguvu za kueleza kwa nini safari ivunjwe.

Mchezo wenyewe niueleze, maana wengi hawaujui. Kuna watu huko duniani ambao hawahangaiki na milima mikubwa yenye sifa. Wao wanatafuta pahala pa juu kabisa pa kila wilaya, hata pakiwa ni kilima kipara nyuma ya ghala la saruji. Mume wangu aliwaona kwenye simu mwaka ule binti yetu wa pekee alipoolewa akahamia Salala. Usiku akaniambia, "Na sie tuna wilaya." Mkoa wa Maskati, hapa Omani tunapokaa, unazo sita: Maskati yenyewe, Matrah, Bawshar, Sib, Amerat na Quriyat. Nikamwambia sawa. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo, ukisema twende nakwenda, ukisema tukae nakaa.

Jambo ambalo mtu hulifahamu baadaye ni kwamba pahala pa juu pa wilaya si lazima pawe kilele. Mpaka hupita unapopenda. Unaweza kukuta jabali zima liko kwa jirani na bega lake tu ndilo limeingia kwenu. Basi pahala penu pa juu ni pale kwenye mteremko mpaka unapokata, na ukisimama hapo jabali linaendelea kupanda mbele ya pua yako, na wewe kazi yako imekwisha. Unapiga picha, unakunywa maji, unageuka. Kaka yangu aliposikia hivyo alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilipapenda mahali pa namna hiyo, kama naweza kusema nilipenda chochote, kwa sababu hapakumdai mtu afurahi.

Mume wangu ni mhandisi kwenye kiwanda kimoja Rusayl, kazi yake kukagua vipimo, na tabia ya kazini hurudi nayo nyumbani. Matrah tulipanda, tukashuka, tukala samaki, tukalala. Siku ya pili akagundua kwenye ramani nyingine kwamba mgongo wa upande wa pili huenda unazidi kwa kimo cha mtu mmoja. "Ile haihesabiki," akasema. Ijumaa iliyofuata tukarudi Matrah, tukasimama kwenye mgongo wa upande wa pili, na macho yangu hayakuona tofauti yoyote.

Siku ya talaka hakukuwa na ugomvi. Ningependa kusema tulirushiana sahani, angalau jambo lingekuwa na sura. Nilitoka kazini Al Khuwair, nikakaa kwenye foleni ya magari mpaka mgongo ukanikakamaa, nikaingia jikoni nikapasha wali. Tukala. Akaniuliza binti kasema nini kwenye simu, nikamwambia hajambo. Akaniuliza kama nilifurahi kuzungumza naye, nikasema ndiyo. Akaweka kijiko chini.

"Nnaishi na wewe kama nnaishi na mpangaji," akasema.

"Basi niache."

Sikusema kwa hasira. Nilisema kama mtu anayeomba chumvi. Akasukuma sahani mbele, akasema, "Nimekuacha. Talaka moja." Nikaondoa sahani.

Sikulia. Niliosha vyombo, nikaswali isha, nikalala. Watu hudhani mwanamke aliyeachwa huwa na donge kooni, nami nililitafuta donge hilo nisilione. Lakini hali ile haikuanza usiku ule. Ilianza nyuma kidogo, sijui lini, wala haikuwa na sababu ambayo ningeweza kuitaja mbele ya daktari. Kwenye arusi ya binti yetu kila mtu alilia ukumbini, hata mpishi, na mimi nikashika mikoba ya waliokuwa wakilia. Nilikuwa nimekufa ganzi, basi. Na mtu aliyekufa ganzi hajui kama anaumwa.

Kwa asiyejua, mwanamke akiachwa talaka moja hatoki nyumbani kwa mume. Anakaa eda pale pale, na muda wote huo mlango uko wazi: mume akitaka anamrejea, bila posa, bila mahari, na bila kumuuliza. Kwetu sisi, kama tulivyofundishwa, panatakiwa mashahidi wawili tu, wanaume Waislamu wenye akili zao, wasikie kwa masikio yao. Na eda ya mwanamke anayeingia mwezini haihesabiwi kwa kalenda, inahesabiwa kwa hedhi tatu. Akitoharika ile ya tatu akajimwagia maji ya josho, mlango umefungwa. Mume akimtaka tena, aende akapose kama mtu mwingine yeyote, na mwanamke ana haki ya kukataa. Katika hesabu hiyo anayeaminiwa ni mwanamke mwenyewe, kwani nani mwingine atajua?

Mama yangu anakaa kwa kaka yangu Qurum, na toka zimfikie habari alinipigia kila asubuhi nikiwa garini.

"Kakurejea?"

"Bado, mama."

"Nnakwambia mwanangu, jipambe. Tia udi. Mwanamme si jiwe."

"Natia, mama." Sikutia.

"Na hayo majabali mnayopanda! Atakutamani vipi mtu uso umejaa vumbi kama mchimba kisima?"

Mama hakuniuliza hata siku moja kama ninataka kurejewa, na wala mimi sikuona kasoro. Aliniuliza mume amefanya nini, nami nikamjibu. Mazungumzo yakiisha nilikuwa nimefika maegesho ya ofisi, nikazima gari, nikapanda ngazi.

Mwanamke wa eda akitaka kutoka anahitaji idhini ya mumewe. Idhini ya kazini aliitoa mara moja ikatosha. Ya majabali niliiomba kila safari, Alhamisi jioni ya kuamkia siku yenyewe, nimesimama mlangoni mwa chumba cha binti yetu, alikohamia mume wangu. Chumba kina mapazia ya waridi na kitanda cha msichana. Alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda kile, magoti juu, simu mkononi. Mimi nauliza, "Kesho tunakwenda?" Yeye anajibu, "Twende." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya wiki.

Bawshar tuliipanda kutokea nyuma ya machimbo ya mawe. Majabali ya huku hayana mti wala udongo, ni mawe matupu ya rangi ya kutu, na yanakula viatu. Yeye mbele, mimi nyuma, kama tulivyokuwa tukienda siku zote. Kule juu unaiona Al Khuwair yote imelala chini, wizara na magorofa, na barabara kubwa inayonitafuna kila siku, kimya kabisa kwa mbali. Nilitafuta jengo letu la ofisi, nikalipata, sikuhisi lolote. Mume wangu akatazama simu, akasogea kidogo kulia, akarudi.

"Hapa," akasema.

Nikaja nikasimama hapo. Dhuhuri ikaingia, tukaswali, yeye mbele mimi nyuma. Tukashuka.

Baada ya hapo ilifuata Sib, wilaya tunayokaa wenyewe. Sib ni tambarare kubwa mpaka pwani, lakini kusini kuna vilima, na kwenye kilima tulichokisimamia siku ile ulikuwa unayaona mapaa ya viwanda vya Rusayl yakimetameta. Akanionyesha kwa kidole paa la kiwanda chake. "Pale ndo kwangu." Nimeishi naye tangu ujana wangu, na sijawahi kukiona kiwanda kile. Nilitafuta neno la kusema.

"Kikubwa," nikasema.

Akaniangalia kidogo kana kwamba kuna neno jingine linakuja. Halikuja. Tukaswali, tukateremka, akaninunulia maji ya machungwa njiani, na nilipokuwa nakunywa nikafikiri: hii inaweza kwisha hivi hivi, mimi nakunywa maji ya machungwa.

Kumbe yeye alikuwa na hesabu yake, lakini hiyo niliijua Amerat.

Ilikuwa Januari, miezi ya baridi ambayo ndiyo miezi ya majabali. Kwa ramani yake, kilele cha jabali lile kimo Quriyat na mpaka unakata begani, kwa hiyo pahala pa juu pa Amerat ni papo hapo kwenye bega. Tuliacha gari mwisho wa njia ya wadi, yaani bonde la mto mkavu, karibu na nyumba chache ambazo karibu zote zimefungwa kwa sababu wenyewe wamehamia mjini. Simu ikapoteza mawasiliano tulipoingia korongoni. Tulipanda tangu jua linachomoza. Goti langu la kushoto lilikuwa linalalamika, nikalisikiliza kama ninavyosikiliza redio ya jirani.

Tulifika mchana. Hapakuwa na chochote: mteremko, mawe, mbuzi weusi wachache wakitutazama kwa dharau. Jabali liliendelea kupanda mbele yetu, refu, halina habari na sisi. Mume wangu akazunguka na simu yake mpaka akaridhika. Kisha akatandika mswala apunguze na kukusanya dhuhuri na alasiri, kama anavyofanya msafiri, na kabla hajaanza akageuka kunitazama kama nimejipanga nyuma yake.

Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe namenya chungwa.

Kwa mtu wa kwetu hilo halihitaji maneno. Mwanamke mzima wa afya, wakati wa swala umeingia, amekaa anamenya chungwa. Alinitazama muda mrefu. Halafu akageuka akaswali, na swala yake ilikuwa ya haraka kuliko nilivyoizoea. Alipomaliza alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Ya ngapi hii?"

"Ya tatu."

"Inakwisha lini?"

"Leo. Kesho. Iko mwisho."

Uso ukamshuka. Akashika kichwa. "Mimi nimehesabu miezi mitatu," akasema. "Nikajua nna mpaka mwezi ujao."

"Miezi ni ya waliokoma hedhi."

"Nnajua. Nilidhani..." Akatazama mbuzi. "Nilidhani ushakoma."

Mtu anayerudi Matrah kwa sababu ya kimo cha mtu mmoja! Nyumbani hatukuwa tunaswali pamoja tena, kila mtu chumbani kwake, na zile siku mbili za Bawshar na Sib ziliangukia nilipokuwa twahara. Akakisia. Kila kipimo duniani anakikagua mara mbili, changu akakikisia, na akakisia kuwa mimi ni bibi kizee. Hapo nikahisi kitu. Kilikuwa kidogo, kama mbu sikioni, ikabidi nitulie nikisikilize ni nini. Ilikuwa hasira. Sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu na niliiruhusu ikae.

Yeye hakuona. Alikuwa ameshasimama, amejikung'uta kanzu aliyovaa juu ya suruali, na amesema kwa sauti ya mkutanoni, "Nimekurejea."

"Nani kasikia?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Alipowatazama mbuzi nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Haihesabiki," akasema mwenyewe. "Yallah, tushuke."

Sijapata kumwona mtu akishuka jabali vile. Kokoto zilikuwa zinamtangulia. Mimi nilishuka kwa mwendo wangu, na Mungu ni shahidi sikuchelewa makusudi, goti ndilo lilikuwa goti. Kila akifika mbali alisimama akanisubiri, mikono kiunoni, anatazama jua. Nilimhurumia na nilimkasirikia, vyote viwili vya mbali, kama watu wawili wanaozungumza chumba cha pili. Alikuwa anakimbilia jambo linalonihusu na hakuwa ameniambia neno hata moja juu yake, ila lile moja alilowatangazia mbuzi.

Kwenye nyumba ya mwisho ya wadi, pale tulipoegesha, mzee mmoja alikuwa amekaa kibarazani. Alikuwa na usikivu mdogo, kwa hiyo alizungumza kwa kelele. Tukamwamkia kwa Kiarabu, maana Kiswahili chetu ni cha nyumbani.

"Mlikuwa juu? Mbuzi wenu kapotea?"

"Hapana, ami," mume wangu akamwambia. "Tumepanda tu."

"Kuna nini juu?"

"Mpaka wa wilaya."

"Mpaka hauonekani!"

"Hauonekani," mume wangu akakubali, na palepale akamweleza shida yake. Alimweleza mara mbili, ya pili kwa sauti ya kumtosha mzee, nami nimesimama pembeni na viatu vimejaa kokoto, habari zangu za ndani zinagonga ukuta wa korongo na kurudi. Mzee akafurahi. Alisema yeye ni shahidi wa kwanza, na wa pili atakuwa mwanawe, mwanajeshi aliyekuja mapumziko, ambaye ametoka kwenda kununua mitungi ya gesi na atarejea wakati wowote. Majirani hakuna. Tukae, tunywe kahawa. Na kahawa ya watu hawa huikatai, hata nyumba ikiwaka moto. Mume wangu akavua viatu akaingia sebuleni kwa wanaume, na mimi mke wa mzee akanipokea upande wa wanawake.

Alikuwa mama mnene mwenye hina mpaka kwenye vifundo vya mikono, na alikuwa amesikia kila kitu, kwani nani hakusikia? Akanitilia kahawa, akanisogezea tende, akakaa mbele yangu.

"Unamtaka?"

Nikabaki na tende mkononi. Si kwamba swali lilikuwa gumu. Ni kwamba nililitambua kuwa ni jipya. Mama hakuliuliza, kaka hakuliuliza, binti yetu kwa simu aliniuliza kama baba anakula vizuri. Mume wangu, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta, hakuliuliza pale jikoni wala pale begani mwa jabali. Na mimi pia sikuwa nimejiuliza.

"Hajaniuliza," nikamwambia.

"Hana haja ya kukuuliza. Ndivyo ilivyo." Hakusema kwa ubaya. "Nenda kanawe uso, umejaa vumbi. Maji yako kwenye ndoo."

Choo chao kilikuwa nje kidogo, kuta za matofali, kidirisha juu. Niliingia kunawa. Nikajiangalia, nikaangalia tena kama tulivyofundishwa tangu wasichana, na nilikuwa safi. Imekwisha. Alasiri ilikuwa imeingia, na mimi sikuwa nimeikusanya kule juu kama yeye. Kwa hiyo ilinipasa nioge, niswali kabla jua halijazama. Ndoo ilikuwa imejaa, kata inaelea juu yake.

Nilikaa kwenye kigoda cha plastiki nikaitazama ile ndoo. Jua lilikuwa bado. Ningeweza kungoja. Kungoja kidogo si dhambi, na sisi wanawake tunajua kukawia chooni. Ningengoja mpaka yule mwanajeshi arudi, watasema maneno yao upande wa pili wa ukuta, nami nitaoga, nitatoka nikiwa mke wa mtu, tutapanda gari, nitapasha wali. Sikuona ubaya wake. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba nilitazama maisha yangu yote yaliyobaki na sikuona ubaya wake wala uzuri wake. Nikajiambia maneno yale ya yule mama: unamtaka? Sikupata jibu. Lakini nilipata kitu kingine nyuma ya jibu, na nilikijua upesi kwa sababu kilikuwa na joto. Nilitaka niulizwe. Hata kama nitasema ndiyo. Hata kama nitasema ndiyo palepale kabla hajamaliza, nilitaka asimame mbele yangu asijue nitasema nini.

Kwa mbali, kwenye kokoto za wadi, nikasikia pikapu inakuja na mitungi ya gesi inagongana.

Nikatia nia. Nikajimwagia kata ya kwanza.

Maji yalikuwa ya baridi ya jabali, baridi isiyo na adabu, nikapiga ukelele.

"Kuna nini?" yule mama akapaza sauti kutoka uani.

"Baridi!"

Nikaendelea. Kichwa, bega la kulia, bega la kushoto, mwili mzima, nikitetemeka na meno yanagongana, mpaka ndoo ikabaki tupu. Pikapu ikazima. Nikasikia salamu, mzee anapiga kelele, kikombe kinawekwa chini.

Nikavaa, nikarudi chumba cha wanawake, nikafunga mtandio juu ya nywele zilizorowa, nikaswali alasiri. Nilipotoa salamu yule mama alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu.

"Khalas. Mashahidi wawili. Amekurejea."

"Nimeoga," nikamwambia.

"Lini?"

"Gari lilipokuwa njiani."

Akanitazama, akatazama mtandio uliolowa. Hakutoa fatwa wala hakunisuta. Akapiga ulimi mara moja, akaenda mpaka kwenye pazia la sebule akawaambia wanaume. Kisha mzee akauliza kwa kelele zake, "Kasemaje?" na mwanajeshi wa watu ikambidi alirudie, kwamba mwanamke kashaoga kabla ya ushahidi, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mbuzi.

Mume wangu alikuja mlangoni. Hakuingia. Alisimama kizingitini, akainamisha macho chini, kama anavyopaswa mwanamme mbele ya mwanamke asiye wake. Hajapata kuniinamishia macho. Nilimwona kichwani pamekuwa peupe zaidi kuliko nilivyodhani.

"Ulilisikia gari?"

"Nililisikia."

"Ukaoga."

"Nikaoga."

"Kwa nini?"

"Kuniacha niliomba mwenyewe," nikamwambia. "Kunirejea hukuniuliza. Ukamtangazia kila mtu bonde zima, mimi ukanisahau."

Aliondoka pale kizingitini na nikasikia anatafuta viatu vyake.

Sasa ikawa shida ya usafiri, maana hatungeweza tena kupanda gari moja wawili peke yetu, na yeye si mtu wa kujifanya haioni sheria. Yule mama ndiye aliyeokoa jahazi. Alisema ana binti yake anayekaa mjini Amerat, ambaye hajamwona tangu mwezi uliopita, atakaa na mimi nyuma mpaka nitakaposhukia, na mwanawe atafuata na pikapu ampitishe kwa binti wakirudi. Akapanda na mkoba, na chupa ya kahawa, na mfuko wa ndimu. Mzee akatuaga kwa mkono kibarazani, bado anauliza tulikuwa tunatafuta nini huko juu.

Tukaenda. Yeye mbele peke yake kama dereva wa teksi, sisi wawili nyuma. Nywele zilinidondokea mgongoni chini ya abaya, nikatetemeka, naye bila kugeuka akawasha kipasha joto. Yule mama alitueleza habari za mbuzi wake mpaka tukatoka korongoni, halafu kichwa kikamwangukia kifuani akalala. Simu zikapata mawasiliano, zote mbili zikalia kwa ujumbe uliokuwa umesubiri, hakuna aliyezigusa.

Taa za Amerat zilipoanza kuonekana alisema kwa Kiswahili, "Nnakupeleka Qurum kwa mama?"

"Qurum."

Akaendesha. Tulipita mzunguko wa kwanza, tukapita duka la matairi. Mbele yetu lilikuwa lori la mawe linakwenda polepole, na yeye hakulipita, alikaa nyuma yake wakati barabara ilikuwa wazi.

"Nikija kuposa," akasema, halafu akaacha. Akaanza tena. "Kaka yako ntamwona, hilo si tatizo. Mama yako ananitaka. Nnakuuliza wewe." Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya usukani, imeushika kama usukani utatoroka. "Sijui utanambia nini. Nnaogopa. Unanitaka?"

Nilifungua mdomo nimwambie sijui, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kweli, na badala ya maneno nikaanza kulia. Si machozi ya adabu ya pembe ya jicho. Nililia kwa sauti, mabega yanaruka, pua inatoka, goti linauma, kichwa baridi, kila kitu kinauma kwa pamoja na kila kitu kilikuwa changu. Gari likayumba kidogo. Yule mama akazinduka, akanishika mkono, akaniuliza kwa Kiarabu mtu huyu kanambia nini.

"Ameniuliza kama ninamtaka."

"Na wewe? Umemjibu nini?"

Nikamwambia amwambie asubiri, nimalize kwanza kulia.